Vidole Vingapi?

Jumatatu hadi Ijumaa mimi ndiye ninayeuliza.
Nasimama hatua sita mbele ya kiti,
nainua mkono: vidole vingapi?
Na wazee wa Hull hunijibu kwa sauti za darasani:
viwili, sista. Vitatu. Hapo sioni mkono.

Bwana Hedley Thackray alijibu, Inategemea ni vya nani.
Nikaandika kwenye faili: katikati pamezimika, kingo bado zinaona.

Leo Jumamosi, Novemba, juu ya tuta la Paull,
upepo unapanda kutoka mtoni bila kubisha hodi.
Nyuma yetu dohani za kiwanda zinavuta sigara zao nyeupe,
mbele yetu matope, nyasi za chumvi,
na matope tena.
Amenikabidhi darubini yake ya miguu mitatu
kama mtu anavyomwachia jirani ufunguo.
Mimi nitaona anavyokwenda, anasema.
Wewe nambie ana nini.

Kwetu Gilgil ndege wa makucha alikuwa na jina moja la haraka,
Mwewe!
na mama keshatoka na ufagio,
vifaranga wako chini ya karai,
hakuna aliyeuliza mwewe gani.
Kumtaja ndiko kumfukuza.
Hapa watu hunong'ona. Hapa ukikohoa unaziomba nyasi radhi.

Saa nne na robo. Anakuja, anasema Hedley,
asiyeuona uso wangu tukiwa tumekaa bega kwa bega.
Kweli. Chini chini, mabawa kayainua
kama mtu anayevuka kidimbwi ameshika pindo la kanzu,
anayumba, anarudi alikotoka,
anaisoma ardhi mstari kwa mstari.

Kifua?
Rangi ya kutu. Hakina michirizi.
Usoni?
Baka jeusi. Halafu ukosi, mweupe kama wa karani.
Ananyamaza. Nakijua kimya hicho,
ni cha mgonjwa anayengoja dawa ya matone ifanye kazi.
Sasa ncha ya bawa, anasema. Polepole.
Vidole vingapi?

Vikiwa vitano ni yule wa kila mwaka, tunywe chai.
Vikiwa vinne ni kipanga wa nyika za mbali,
amekosea kona huko Kazakhstani,
saa hizi angekuwa kwenu, anasema,
juu ya ngano ya Njoro, na hakuna anayemwangalia.

Usinianzie. Nalijua shairi hilo kabla halijaandikwa:
yeye mgeni, mimi mgeni, sote tumepotea.
Mimi sikupotea.
Nilikuja kwa ndege ya namna nyingine, yenye choo na mikanda,
nina mkataba, nina kadi ya basi,
na sasa hivi nina kazi.

Nahesabu. Kimoja, viwili, vitatu, vinne,
bawa linafunga.
Linafunguka. Vinne. Na kando yake
pengo, au kidole kifupi,
au unyoya uliobaki juzi kwenye seng'enge ya mtu.
Macho yananitiririka. Ni upepo.

Ningeweza kusema vinne tu.
Miaka arobaini na mitatu amesimama hapa,
na neno dogo kama hilo halina uzito mdomoni.

Vinne, nasema. Na kitu.

Na kitu, anarudia, taratibu, kama anayeonja chumvi ya mchuzi.
Anatoa daftari. Siku hizi herufi zake ni kubwa,
maneno mawili yanamaliza ukurasa,
na anaandika kichwa kakiinamisha upande
kama kuku anayeangalia angani.
Kipanga. Ukurasa.
Vinne na kitu. Ukurasa.
Aliyeona:
jina lako, sista, linaandikwaje?
Namtajia Nyakio, herufi kwa herufi,
naye anazikandamiza hadi karatasi inatoboka kwenye K.

Ndege yuko ng'ambo ya uzio wa kiwanda, nukta, kisha si nukta.

Tukanywa chai hata hivyo. Sukari imezidi.
Sikumwambia.